Sanduku la Nakala za Zana za Mawe na Sanaa ya Kale: Tathmini ya Mwalimu wa Historia, Kigoma

Katika maduka ya vifaa vya shule hapa Kigoma, mwalimu wa Historia atapata ramani, tufe na chati za mifupa ya binadamu, lakini ni nadra kupata kifaa ambacho mwanafunzi anaweza kukishika, kukigeuza na kuupima uzito wake kwa mkono. Sanduku ninalolitathmini hapa limeziba pengo hilo kwa sehemu kubwa. Ni sanduku la mbao lenye kifuniko cha kuteleza, na ndani yake, juu ya sponji iliyokatwa kwa umbo la kila kitu, zimepangwa nakala za zana za mawe na za vitu vya sanaa vya zama za kabla ya maandishi. Pamoja nazo kuna kijitabu cha Kiswahili na mabango matatu ya kutundika ukutani. Linauzwa katika duka moja la vifaa vya shule pale Mwanga, nami nimelitumia na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha tatu kwa muda unaotosha kusema lipi ndani yake ni zuri na lipi halifai. Kwa kifupi, nakala zilizotengenezwa kwa ukubwa halisi zinastahili bei yake, ilhali vitu vilivyopunguzwa ukubwa au kuchapwa kwenye karatasi bila kipimo vinampotosha mwanafunzi, hasa inapofika zamu ya majengo ya mawe makubwa.

Nakala ya kwanza ni ya zana ya aina iliyopewa jina la Bonde la Oldupai: jiwe la mtoni lililogongwa upande mmoja kwa jiwe jingine mpaka likapata makali, huku upande wa pili ukiachwa mviringo ili ukae kiganjani. Zana za aina hii zilizopatikana Gona, Ethiopia, zina umri wa takriban miaka milioni 2.6, na kijitabu kinataja pia zile za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zilizotangazwa mwaka 2015 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. Mtengenezaji ameongeza jambo la busara sana: kando ya jiwe ameweka vipande vitatu vilivyobanduliwa, navyo vinarudi barabara kwenye makovu yake. Mwanafunzi akivirudisha kimoja kimoja, anajionea mwenyewe kwamba pigo la pili lilitegemea kovu lililoachwa na pigo la kwanza, na kwa hiyo aliyegonga alilazimika kulifikiria pigo lijalo kabla hajainua mkono. Kwa chaki na ubao, somo hilo halieleweki kwa wepesi huu.

Kitu bora kuliko vyote sandukuni ni shoka la mkono. Limeigwa kutoka kwenye mashoka ya Isimila, karibu na Iringa, mahali palipofahamika kwa wataalamu tangu mwaka 1951 na ambako yamepatikana mashoka ya mawe kwa wingi, mengine yakizidi urefu wa sentimita 30. Hili la sandukuni lina sentimita 21, nalo limetengenezwa kwa unga wa mawe uliochanganywa na resini, hivyo lina uzito unaokaribia ule wa jiwe lenyewe. Ukilishika kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinapata bapa dogo karibu na kitako, vidole vingine vinazunguka chini, na ncha inaelekea mbele bila kulazimishwa. Ukilitazama kwa ubavu, unaona kwamba ukingo wake hauendi moja kwa moja bali unajipinda kidogo kulia na kidogo kushoto, kwa sababu vipande vilibanduliwa kwa zamu, uso huu kisha uso ule. Dosari yake ni moja: mshono wa kalibu umepita juu ya ukingo huo kuanzia nchani hadi kitakoni, na asiyejua hudhani kuwa ni mstari wa jiwe. Kuusugua kwa msasa kungechukua dakika chache kiwandani.

Swali la sanaa linaanzia kwenye shoka hilo, na ninakisifu kijitabu kwa kutolikwepa. Mashoka ya aina hii yalianza kutengenezwa Afrika Mashariki zaidi ya miaka milioni 1.7 iliyopita, na mengi yana ulinganifu unaozidi mahitaji ya kuchuna mnyama au kuchimba mizizi. Mfano unaotolewa ni shoka la gumegume la West Tofts, Uingereza, lenye kisukuku cha chaza, yaani ganda lake lililogeuka jiwe, katikati ya uso wake, ambalo mchongaji wake alibandua vipande kulizunguka ganda hilo pasipo kuliharibu. Wapo wanaosema ganda lilibaki kwa bahati tu. Kwa maoni yangu, mtu mwenye ustadi wa kiasi kile hakosi kuliona ganda lililo mbele ya macho yake, na kuliacha palepale katikati kulikuwa uamuzi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walibishana juu ya jambo hili hadi kengele ikalia, na mabishano ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta ninaponunua kifaa cha kufundishia.

Baada ya zana kuna kipande cha ngeu, yaani udongo mgumu wenye rangi nyekundu, kutoka pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Katika pango hilo, timu iliyoongozwa na Christopher Henshilwood ilipata vipande vya ngeu vilivyochanjwa mistari inayokatizana, vyenye umri wa takriban miaka 75,000, pamoja na shanga za makombe madogo yaliyotobolewa. Humohumo yalipatikana pia makombe makubwa yaliyotumika kuchanganyia rangi kiasi cha miaka 100,000 iliyopita, na mwaka 2018 kikatangazwa kipande cha jiwe chenye mistari iliyochorwa kwa ncha ya ngeu yapata miaka 73,000 iliyopita. Nakala imechanjwa kwa kina cha kutosha, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kufumba macho akaifuata mistari kwa kucha. Lakini imepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, wakati ngeu halisi ni kavu na imefifia, na mng'ao huo unaifanya ionekane kuwa bidhaa ya plastiki.

Kosa kubwa zaidi la kijitabu liko hapahapa. Ukurasa unaofuata unasema kwamba sanaa ilianzia katika mapango ya Ulaya miaka 40,000 iliyopita. Kauli hiyo inakanushwa na kipande cha Blombos kilichomo ndani ya sanduku lenyewe, na inakanushwa pia na michoro ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, ambako mchoro wa nguruwe pamoja na maumbo ya watu umepimwa na kupatikana kuwa na umri wa angalau miaka 51,200, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024. Mwalimu asiyefuatilia habari hizi atakisoma kijitabu darasani kama kilivyo, na kosa litaingia katika madaftari ya watoto. Naliona jambo hili kuwa zito, kwa sababu historia ya sanaa ya kale imewahi kupotoshwa kwa dhana za aina hii. Michoro ya pango la Altamira, Hispania, iligunduliwa mwaka 1879, lakini wataalamu wakubwa wa wakati huo waliikataa wakidai kwamba watu wa kale hawangeweza kuchora vizuri kiasi kile. Ilipofika mwaka 1902 ndipo Émile Cartailhac, aliyekuwa miongoni mwa waliopinga, alipokiri hadharani kwamba wamekosea, na kwa wakati huo Marcelino Sanz de Sautuola, aliyeitangaza michoro hiyo, alikuwa ameshafariki. Kijitabu kinakisimulia kisa hiki vizuri sana, jambo linalonifanya nishangae zaidi kwamba kimerudia dhana ileile kwa upande wa Afrika.

Sanamu ya mwanamke wa Willendorf imetendewa haki. Sanamu halisi ilipatikana Austria mwaka 1908, imechongwa kwa jiwe la chokaa, ina urefu wa sentimita 11.1 na bado ina mabaki ya ngeu. Nakala ina urefu uleule. Karibu wanafunzi wote waliokwisha kuiona picha yake kitabuni walidhani kuwa ina kimo cha mtu, na walipoipokea mkononi walishangaa kwamba vidole vinaweza kuifunika. Mara moja waliuliza swali ambalo picha haiwezi kuliibua: je, ilikuwa ya kusafiri nayo? Miguu yake haina nyayo, haiwezi kusimama yenyewe, na kwa watu waliokuwa wakihamahama kitu cha kubebeka mkononi kina maana tofauti kabisa na kitu cha kusimikwa.

Kwa sababu hiyo sikuelewa kwa nini sanamu ya mtu mwenye kichwa cha simba kutoka Hohlenstein-Stadel, Ujerumani, imetengenezwa kwa nusu ya ukubwa wake. Sanamu halisi imechongwa kwa pembe ya mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, na ina urefu wa sentimita 31.1. Ikipunguzwa kufikia sentimita 15 na kuwekwa kando ya ile ya Willendorf, zote mbili zinaonekana kuwa za jamii moja ya vitu vidogo, na hakuna lebo yoyote inayomwonya mtumiaji.

Mabango ni sehemu dhaifu. Karatasi ni nzuri na haikupinda kwa unyevu wa masika, lakini bango la michoro ya mapangoni limeweka kila picha katika fremu za ukubwa mmoja. Fahali mkubwa wa Lascaux, Ufaransa, mwenye urefu unaozidi mita 5, amepewa nafasi sawa na vibao vya mawe vya pango la Apollo 11 nchini Namibia, ambavyo mtu anaweza kukishika kimoja kwa mkono. Zaidi ya hayo, karatasi bapa inaficha jambo lililo kiini cha sanaa ya mapango ya Ulaya: pale Altamira, wachoraji waliwaweka nyati wao juu ya vivimbe vya dari ili mwili ujitokeze, na pale Chauvet, pango lililogunduliwa Desemba 1994, ukuta ulikwanguliwa kwanza sehemu kadhaa ili mistari ya mkaa ionekane kwa uwazi. Mchoro na mwamba vilikuwa kazi moja. Neno moja tu la maelezo chini ya kila picha, pamoja na kipimo cha sentimita, vingesaidia sana.

Kondoa imebanwa kwenye kona ya chini ya bango hilo, nami hilo silikubali. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa lilitambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, lina makazi ya miambani zaidi ya 150 yenye michoro, na liko katika nchi yetu wenyewe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro hiyo mwaka 1951 akiwa na hakika ya umuhimu wake, lakini bango linaonyesha picha moja tu ya maumbo membamba ya watu, tena kwa wekundu uliokolezwa kupita kiasi. Aliyewahi kupanda kilima cha Kolo anajua kwamba rangi ile imefifia na kuingia mwambani, na kwamba michoro haiko kwenye giza la pango refu bali chini ya miamba iliyoinama, mahali penye mwanga wa mchana. Kuna michoro myekundu inayohusishwa na wawindaji, na juu yake, mahali pengine, kuna michoro myeupe ya baadaye inayohusishwa na wakulima waliofika eneo hilo, na baadhi ya miamba imeendelea kutumika kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, bango zima la Kondoa lingefaa kuliko mabango yote matatu.

Sasa nifike kwenye mawe makubwa. Sanduku linatoa nakala ya resini ya Stonehenge, duara la mawe yaliyosimikwa, inayoenea kwenye kiganja, ndogo kuliko shoka la Isimila lililolala kando yake. Sijui kifaa kingine chochote kinachoweza kumdanganya mtoto kwa haraka namna hii. Mawe makubwa ya duara lile, lililojengwa Uingereza yapata mwaka 2500 KK, yana kimo cha takriban mita 4 juu ya ardhi na uzito wa wastani wa tani 25 kila moja. Yale madogo, yenye uzito wa tani 2 hadi 5, yaliletwa kutoka vilima vya Preseli huko Wales, umbali unaozidi kilomita 200, na utafiti uliotangazwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba jiwe linaloitwa la Madhabahu, lenye tani 6, lilitoka kaskazini-mashariki mwa Scotland. Niliacha nakala hiyo ndani ya sanduku, tukaenda uwanjani na kamba ya mita 15 na vigingi. Mwanafunzi mmoja alishika mwisho wa kamba katikati, mwingine akazunguka akichora duara la kipenyo cha mita 30, kisha wanafunzi 30 wakasimama juu ya mstari, kila mmoja mahali pa jiwe moja lililosimama. Nikawaambia walitazame goli la mpira, ambalo mwamba wake wa juu uko mita 2.44, na waongeze zaidi ya nusu yake tena. Hapo ndipo maswali ya kweli yalipoanza: nani aliwalisha wafanyakazi, nani aliamua mahali, na kamba zilitengenezwa kwa nini.

Kijitabu kina sentensi moja nzuri ambayo nakala ya resini haiwezi kuionyesha: mawe ya kulala juu ya Stonehenge yameshikwa na mawe yaliyosimama kwa ulimi na tundu, na yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa ulimi na mfereji, yaani kwa mbinu za seremala zilizohamishiwa kwenye jiwe. Waliojenga walikuwa na ujuzi wa mbao kwanza. Kwa kuwa mbao huoza na mawe hubaki, tunachokiona katika makumbusho ni nusu ya habari.

Habari hiyo ina sura moja inayoligusa ziwa letu. Juu ya maporomoko ya Kalambo, kwenye mto ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia unaomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, timu iliyoongozwa na Larry Barham ilifukua mwaka 2019 magogo mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae sawasawa. Yalihifadhiwa na udongo uliojaa maji, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yameyapa umri wa angalau miaka 476,000, kabla hata ya kutokea kwa binadamu wa aina yetu. Kijitabu kimeiweka habari hii katika aya fupi kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya picha yenye ukubwa wa stempu. Nilimpelekea picha hiyo, nikiwa nimeikuza, mzee mmoja fundi wa boti pale Kibirizi. Baada ya salamu aliitazama kwa makini, akapitisha kidole penye pengo, akasema: "Mwalimu, hapa pamekatwa ili gogo lisiteleze. Maji hayakati hivi." Nilipomweleza umri wake alinyamaza kidogo, kisha akauliza walitumia chombo gani. Nilimwonyesha nakala ya shoka la Isimila, naye alilipima mkononi akasema linatosha kama mtu ana subira. Namwomba mtengenezaji alichukue wazo hili kwa uzito: aitoe Stonehenge ya kiganjani, na mahali pake aweke vipande viwili vya mti vilivyochongwa kwa namna ya Kalambo. Mafundi wa hapa Kigoma wangevichonga kwa gharama ndogo, na mwanafunzi angeunganisha kwa mikono yake kiungo cha kale kuliko vyote vinavyojulikana.

Bango la tatu, la mawe makubwa, lina Göbekli Tepe ya Uturuki, ambako wawindaji na wakusanyaji walisimika nguzo zenye umbo la T, nyingine zikifikia mita 5.5, na kuzichonga mbweha, nguruwe mwitu, tai na nge, tangu yapata mwaka 9500 KK. Lina Newgrange ya Ireland, kaburi kubwa la mawe, na safu za mawe za Carnac, Ufaransa. Halina hata jiwe moja la Afrika. Mawe ya duara ya Senegal na Gambia yanahesabika kwa zaidi ya makaburi na majengo 1,000 kandokando ya Mto Gambia, na yametambuliwa na UNESCO. Ni ya zama za karibu zaidi, lakini ni kazi ya mawe makubwa vilevile. Karibu nasi zaidi, Lothagam Kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walijenga jukwaa la kuzikia wafu wao na kusimika nguzo za mawe, na utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa hapo, wazee kwa watoto, bila dalili za kubaguana kwa cheo. Darasa langu lilipolinganisha kaburi hilo na Newgrange, mjadala ulikuwa mzuri kuliko wowote ulioletwa na bango.

Kwa upande wa huduma, muuzaji wa duka hana ubaya. Aliniruhusu kufungua sanduku na kukagua kila kitu kabla ya kulipa, na kipande kimoja cha zana ya Oldupai kilipopatikana na ufa, alikiagiza kingine bila malipo ya ziada, ingawa kilichelewa. Sanduku kamili linauzwa shilingi 210,000, bei ambayo shule nyingi za kata zitaiona kuwa nzito. Ukiomba, anakuuzia nakala na kijitabu bila mabango kwa shilingi 165,000, na hivyo ndivyo ninavyoshauri ununue. Kijitabu kisahihishe kwa kalamu ukurasa unaofuata ngeu ya Blombos kabla hujakikabidhi kwa wanafunzi, nakala ya ngeu isugue kwa msasa laini ipoteze mng'ao, na fedha inayobaki inatosha kununua kamba, vigingi na mbao za kuchongea kiungo cha Kalambo.